Leo Umechoka Uchovu Gani?

Ndugu zangu mnaougua, ninyi mnaotuuguza, na ninyi madaktari na wauguzi mliotenga muda wa kuja kutusikiliza, nawasalimu nyote. Nimeomba niseme nikiwa nimekaa, na mwenyekiti ameniruhusu. Magoti yangu ya leo si ya kuyategemea.

Naishi na baridi yabisi, huu ni mwaka wa 14. Katika miaka yote hiyo hakuna neno nililolitamka kuliko hili: nimechoka. Nimemwambia mume wangu, nimewaambia wanangu, nimelisema kazini, nimelisema kwa madaktari nisioweza kuwahesabu. Miaka minane ya mwanzo neno hilo halikunisaidia hata mara moja. Mume wangu alinijibu, "Hata mimi nimechoka, mama," na hakuwa akinidhihaki, kwani alikuwa ametoka kazini na amechoka kweli. Daktari mmoja aliangalia karatasi ya vipimo, akasema majibu ni mazuri, nikapumzike. Nikapumzika. Nikaamka nimechoka zaidi ya nilivyolala.

Kwa muda mrefu niliwalaumu. Siku hizi naona tatizo lilianzia kwenye neno lenyewe. Tumelitwisha mzigo mkubwa mno. Mtu akitembea mwendo mrefu anasema nimechoka. Akishindwa kuvumilia maneno ya jirani anasema nimechoka. Shati likichakaa tunasema limechoka, na mtu akiishiwa fedha tunasema kachoka. Halafu neno hilohilo tunampelekea daktari mwenye dakika kumi za kutusikiliza, tukitumaini atalifungua na kuona kilichomo.

Wala lugha yetu haina njaa ya maneno. Tuna mavune, yale maumivu ya viungo baada ya kazi nzito. Tuna kulegea na kunyong'onyea, ambayo ni mambo mawili tofauti. Tuna kusinzia, kuhema, kuzorota, kulemewa. Tuna hoi, tuna taabani. Kila neno kati ya hayo lina mahali pake mwilini. Naomba tuyarudishe kinywani, kwa sababu kila uchovu una chanzo chake, na kinachomsaidia huyu kinaweza kumwangusha yule. Hilo la mwisho nimelijua kwa kumwumiza mtu, na nitawasimulia.

Nianze na uchovu ninaoufahamu zaidi.

Nimetoka kuoga. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, taulo liko mapajani. Kilichobaki ni kujifuta. Sina usingizi. Sina huzuni. Vidole siku hiyo haviumi sana. Naangalia tone la maji linavyoteremka kutoka kwenye kiwiko kuelekea kwenye kifundo cha mkono, linasita, linaungana na jingine, linadondoka. Nasema sasa nainua taulo. Siinui. Nasema tena. Mwisho maji yamekauka yenyewe juu ya ngozi, na mimi bado nimekaa. Nilivaa baada ya dakika 40, na nilipomaliza kufunga kifungo cha mwisho nililala tena, na nguo zangu zote.

Huko ndiko kunyong'onyea. Sikuwa nimefanya kazi yoyote, kwa hiyo hayakuwa mavune. Nilikuwa nimelala usiku kucha, kwa muda wa saa tisa, kwa hiyo hakukuwa kusinzia. Baridi yabisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kupambana na vijidudu, inavigeukia viungo vyenyewe. Watu wakiona vidole vimevimba wanadhani ugonjwa wote uko kwenye vidole. La hasha. Chembe za kinga zinapopigana hutoa kemikali zinazoitwa sitokini, na habari za vita hivyo hufika kwenye ubongo. Ubongo ukizipokea hufanya kilekile unachofanya mtu anapopata homa: humwambia alale, humwondolea hamu ya kula, humfanya asitake kuona watu. Kwa mwenye mafua hiyo ni hekima ya mwili, inamlaza siku chache apate kupona. Kwetu sisi amri hiyo haifutwi. Kumbukeni siku ya pili ya homa kali mliyowahi kuugua, muondoe joto na kikohozi, mbakize ule mwili uliokataa kunyanyuka, kisha muuhesabie miaka.

Wasiosadiki kwamba kemikali peke yake inaweza kumfanyia mtu hivyo, wawaulize waliotibiwa homa ya ini aina ya C kwa sindano za interferoni kabla dawa mpya hazijaja. Interferoni ni ya ukoo huohuo wa sitokini. Wengi wao walikwenda kuchomwa sindano wakiwa wanatembea vizuri, na baada ya muda mfupi wakawa wamenyong'onyea kama mimi pale kitandani. Ilikuwa ni dawa, inayojulikana jina na kipimo. Hakuna aliyewaambia wanajidekeza.

Kinachonisaidia mimi ni ugonjwa wenyewe kudhibitiwa kwa dawa, ingawa kwa wengi wetu viungo hutulia na unyong'onyevu ukabaki. Kingine ni kutembea. Ndiyo, kutembea. Kwa wenye baridi yabisi, na kwa wagonjwa wengi wa saratani, imechunguzwa na ikaonekana kwamba anayeufanyisha mwili mazoezi mepesi, kwa kipimo na bila kuruka siku nyingi, uchovu wake hupungua kuliko wa anayejilaza. Nilianza kwa dakika tano. Baada ya miezi kadhaa nikawa mtu mwingine, na kama ilivyo kwa kila aliyepona kidogo, nikawa mhubiri.

Hapo ndipo nilipomkosea mwenzangu. Katika kikundi chetu alikuja dada mmoja, kijana, aliyeugua kwa siku chache ugonjwa wa virusi miaka mitatu nyuma na hajarudi kuwa yule wa awali. Akasema, "Nimechoka." Nami sikumwuliza kitu. Nilisikia neno langu, nikadhani nimesikia uchovu wangu. Nikamwambia atembee kila siku, na kila wiki aongeze kidogo. Alikuwa na heshima, akatii. Siku ya kwanza alitembea na hakuona shida yoyote. Hata jioni alinipigia simu akiwa na furaha. Siku ya pili akatembea tena. Siku ya tatu dada yake alinipigia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kushika simu. Alikuwa kwenye chumba cha giza, mwanga unamuumiza, sauti ya mlango inamuumiza, kichwa hakinyanyuki kwenye mto. Alikaa hivyo wiki tano.

Anaugua kile kinachoitwa ugonjwa wa uchovu sugu. Jina hilo ni baya, na wagonjwa wamelilalamikia kwa haki, maana linafanya dunia idhani ni mtu aliyechoka tu kupita kiasi. Mwaka 2015 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipendekeza libadilishwe, liwe jina linalotaja mwili mzima kutovumilia juhudi. Alama yake kuu ndiyo hiyo: mtu akipita mpaka wake, hata kwa kuoga na kupiga gumzo siku moja, hali yote inazorota, na mara nyingi haizoroti papo hapo. Huja baada ya saa 12, 24, wakati mwingine 48, na yaweza kukaa siku au majuma. Kwa hiyo siku ya kosa mtu anajiona mzima. Yule dada huita kuzorota huko "mdai". Ananiambia, "Dada, jana nilikaa na wageni, mdai atabisha kesho." Na hubisha kweli. Baadhi ya waliobaki na madhara ya muda mrefu ya UVIKO-19 wana mdai huyohuyo.

Kwa mtu wa namna hii, ushauri wangu mzuri ni sumu. Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliacha kupendekeza mazoezi ya kupandishwa ngazi kwa ngazi kwa wagonjwa hawa, baada ya miaka mingi ya wagonjwa kulia kwamba yanawaumiza. Kinachowafaa ni kujua mpaka wao na kusimama kabla ya kuufikia, hata siku wanayojisikia vizuri, na zaidi siku hiyo. Nimemwomba msamaha. Alinisamehe kwa ujumbe wa maneno manne, kwa sababu ndiyo nguvu aliyokuwa nayo. Tangu hapo sijampa mtu ushauri wa uchovu kabla ya kumwuliza: unakuja lini, baada ya nini, na ukilala unakwenda wapi?

Maswali hayo ndiyo yaliyomwokoa baba mmoja wa makamo tunayekaa naye kwenye kikundi. Yeye alisema nimechoka kwa mwaka mzima, akaambiwa apunguze kazi na mawazo. Siku moja nilimsikia akisema tofauti kidogo. Hakusema "nimechoka". Alisema "nachoka". Kiswahili kinazitenga hali hizi mbili vizuri sana, nasi hatusikilizi. Nimechoka ni hali niliyomo. Nachoka ni jambo linalonitokea nikifanya kitu. Nikamwomba aeleze. Akasema asubuhi anamsomea mwanawe hadithi kurasa mbili bila tabu. Akimsomea usiku, ukurasa wa kwanza ni mzuri, katikati ya wa pili sauti inaanza kutokea puani, maneno yanateleza, na kope ya jicho la kushoto inashuka mpaka anaishikilia kwa kidole ili aone mstari. Akinyamaza na kufumba macho kwa muda, sauti inarudi.

Huko si kunyong'onyea. Huko ni kulegea. Alipomweleza daktari mwingine kisa cha ukurasa wa pili, badala ya kusema nimechoka, daktari alimwomba aangalie juu bila kupepesa, na baada ya dakika moja hivi kope ikaanza kushuka mbele ya macho yake. Ugonjwa unaitwa miasthenia. Mshipa wa fahamu humpa msuli amri kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kwa wagonjwa hawa kinga ya mwili imeziba au kuharibu milango ya kuipokea. Amri za kwanza zinapita, na kadiri zinavyorudiwa msuli unazidi kutosikia. Ukipumzishwa unasikia tena. Ana dawa sasa. Anamaliza hadithi.

Kuna uchovu wa kuhema, na huu nitaueleza kwa kifupi kwa kuwa madaktari waliopo wanaujua kuliko mimi. Damu ndiyo mchukuzi wa oksijeni. Wachukuzi wakiwa wachache, kila ngazi inakuwa mlima: moyo unadunda masikioni, midomo inafifia, mtu anasimama katikati ya ngazi akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi; ya mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20, kwa hiyo mwili wake uko kwenye kazi ya kufyatua nyingine wakati wote, hata akiwa amelala. Mwenye figo zilizofeli hukosa homoni ya erithropoietini, ambayo figo huitengeneza ili kuuamuru uboho uzalishe damu. Na mwenye moyo dhaifu anaweza kuwa na wachukuzi wa kutosha, ila moyo ndio hauwasukumi vya kutosha. Mimi uchovu huu ulinipata mwaka wa 9. Niliutambua kwa sababu ulikuwa mgeni. Wa kwangu wa siku zote haunidundishi moyo. Nilimwambia daktari, "Huyu si yule wangu, huyu ananikamata kwenye ngazi," akapima damu siku hiyohiyo, ikaonekana imepungua sana, na sababu ikapatikana: kidonda tumboni kutokana na dawa za maumivu. Ningesema nimechoka, tungeagana kama kawaida.

Waliozoea kuchoka, sikilizeni hapo. Uchovu mgeni usiufiche nyuma ya ule wa zamani.

Wanaosafishwa damu kwa mashine wana mwingine tena. Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne hivi kila mara, na wakitoka hapo wamekauka kama nguo iliyokamuliwa. Rafiki yangu hulala na viatu. Mkewe zamani alimvua, siku hizi anaviacha, kwa sababu kumvua kunamwamsha na akiamka hapati tena usingizi. Kesho yake ni mtu wa kuzungumza naye na kupanga naye mambo. Ukitaka kumwona, ulizia siku.

Na joto nalo. Mwaka 1890 tabibu wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia walipofanya mazoezi, yakarudi walipotulia. Leo tunajua ni joto la mwili. Katika sklerosisi, ugonjwa unaoharibu ganda la mishipa ya fahamu, mshipa uliochubuka hupitisha ujumbe kwa shida, na mwili ukipanda joto hata kidogo ujumbe unakwama. Zamani, kabla ya mashine za kupiga picha za ubongo, mgonjwa aliyeshukiwa aliingizwa kwenye maji ya moto ili dalili zijitokeze. Mtu wa namna hii akikwambia amechoka, usimfunike blanketi.

Sasa kichwa. Huu ndio unaonitia aibu kuliko yote, na ndio maana nausema. Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia, kwa hiyo mwili ukiishiwa, kichwa hakiwezi kusalimika. Mwaka jana nilipewa fomu ya ukurasa mmoja nijaze. Mstari wa kwanza: jina kamili. Nikajaza. Mstari wa pili niliusoma mara tatu. Maneno yote nilikuwa nayajua, moja moja. Nilipofika la mwisho, la kwanza lilikuwa limekwisha kuondoka. Karani alikuwa mpole, akaniuliza kama nimesahau miwani. Nikasema ndiyo. Miwani ilikuwa usoni. Hatukusema tena neno, akanijazia.

Mtu mwenye kichwa kilichochoka anaweza kutembea, kucheka, kubeba mtoto, na asiweze kuchagua kati ya nguo mbili. Kumwuliza maswali mfululizo kwa nia njema ni kumwongezea mzigo. Mwulize moja, usubiri. Ukimya wake usiujaze.

Dawa zenyewe huchosha. Baadhi za mzio, za kifafa, za presha, na zangu. Methotreksati ninaimeza mara moja kwa wiki, na kwa miaka nilikuwa na siku moja mbovu kila wiki nisijue ni kwa nini, mpaka nilipoiandika kwenye daftari na kuona ni kesho yake, kila mara. Tulikubaliana na daktari tuhamishe siku ya kuimeza, ili kesho yake isiwe siku ya kazi. Uchovu upo palepale, ila sasa najua saa ya kuja kwake na ninamwandalia kitanda.

Lipo moja ambalo nalisema kwa uangalifu. Wengi wetu tukisema tumechoka tunaambiwa ni mawazo. Wengine ni kweli wana sonona, na sonona ni ugonjwa, una tiba, na mtu asione haya. Mimi humwuliza mtu hivi: kama mwili ungekubali kwa siku moja tu, ungefanya nini? Mwenye mwili uliochoka mara nyingi hunijibu kabla sijamaliza: angefua mapazia, angekwenda kumwona rafiki, angecheza na mwanawe chini sakafuni. Mwenye sonona mara nyingi hunyamaza, kwa sababu hamu yenyewe imezimika. Swali hilo si kipimo cha hospitali, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Mimi nimewahi kuwa navyo. Lakini kumwambia mwenye orodha ndefu ya mambo anayotamani kufanya kwamba hana hamu ya maisha, ni kumwonea. Na kutosadikiwa nako kunachosha. Kulemewa ndiko huko: unaingia chumba cha daktari ukiwa umeshajiandaa kujitetea, na nguvu uliyokuja nayo inaishia kwenye utetezi.

Madaktari wetu, mwaka 1989 mwenzenu Lauren Krupp na wenzake walitoa karatasi ya sentensi tisa, mgonjwa anajipa alama 1 hadi 7 kwa kila moja, ili ijulikane uchovu unamlemea kiasi gani. Nimeijaza mara nyingi na naishukuru, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza uchovu wangu kuandikwa kwenye faili. Ila inapima uzito. Mimi na yule dada wa mdai tulipata alama zinazolingana kabisa, na mmoja wetu alitakiwa atembee, mwingine asitembee. Mkimaliza kuhesabu, tafadhali ulizeni na sura yake.

Nyumbani kwangu swali limebadilika. Binti yangu ana miaka 12. Alipokuwa mdogo alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Mama, umechoka?" nami nilimjibu ndiyo, kila siku ndiyo, mpaka akaacha kuuliza. Sasa akirudi shuleni anachungulia na kusema, "Leo upi?" Nikimwambia mavune, anakuja kunikanda mabega. Nikimwambia kichwa, anavuta pazia na kwenda kufanya kazi zake za shule chumba kingine, kimyakimya, na mlango anauacha wazi kidogo. Nikimwambia nimenyong'onyea, ananiletea viatu vyangu vya kutembelea, anaviweka karibu na kitanda, anakaa sakafuni kando yake, anasubiri. Juzi nilimwambia siujui, ni mgeni. Hakusema kitu. Alikwenda kuleta daftari na kalamu.